Lumbesa ya Wakimbiaji

Hapa kwetu Kibaigwa kila kitu hupimwa kwa gunia. Mdogo wangu alipoleta nyumbani medali ya mbio za UMISSETA, baba aliigeuzageuza mkononi, akauliza, "Hii inatoa madebe mangapi?" Tulicheka, lakini swali lile halikunitoka. Sasa dogo anataka kuandikia vyuo vya Marekani, na baba anataka ashike mizani sokoni. Eti mimi, kwa kuwa nimemaliza Fomu Foo na napenda vitabu, ndiye niamue! Nikaona nianze na historia.

Twende El Paso, mji wa Texas unaopakana na Mexico. Miaka ya 1970 kocha wa chuo kikuu cha pale, Ted Banks, alikusanya wakimbiaji wa Afrika Mashariki. Mtanzania Suleiman Nyambui alishinda mita 10,000 za vyuo vya Marekani miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati ya miaka hiyo, 1980, akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola ya 1978, naye alikimbilia chuo hichohicho.

Walilipwaje? Karo, chumba, chakula, vitabu. Basi. Sheria za ridhaa zilikataza mshahara. Na chuo je? Kusema kweli mbio haziuzi tiketi nyingi. Pesa nene za televisheni hutoka kwenye futiboli yao na mpira wa kikapu, na idara nyingi za michezo vyuoni hutumia kuliko zinavyoingiza. Mbio zilileta jina: vikombe, magazeti, na wanafunzi wapya waliokisikia chuo.

Hiyo sisi tunaiita lumbesa. Mkulima analipwa gunia moja, ile nundu iliyoshonewa juu inakwenda bure.

Tena nundu ikiisha, nani anakukumbuka? Mkenya Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Baadaye aliangukia ulevi na ufukara, akawahi kubeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege hukohuko Marekani. Hashim Thabeet wetu alipita mlango uleule kwa bahati nyingine: kutoka chuo cha Connecticut alichaguliwa wa pili NBA mwaka 2009. Lakini huyo ni mmoja!

Mizani imeanza kurekebishwa. Mwaka 2021 wanamichezo wa vyuo waliruhusiwa kuuza majina yao kwa matangazo, na 2025 vyuo vikaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Ila mgeni mwenye viza ya mwanafunzi bado anabanwa asifanye kazi ya kipato, hivyo mtoto wa Kibaigwa ataziona hizo pesa kwa mbali.

Kwa hiyo nilimwambia dogo: nenda, lakini gunia lako ni shahada. Miguu ni nauli tu. Usirudi na medali bila cheti.

Baba alinyamaza, akamalizia uji wake.

"Haya, aandike," akasema. "Ila ada ya huo mtihani wa Kiingereza utalipa wewe, msomi."

Kesho naingia sokoni kushona magunia.