Ilimu na Idhini: Tarehe ya Uuguzi, Lilongwe na Dzaleka

Ilimu ya uuguzi wa kisasa katika nchi ya Malawi ilianzia mikononi mwa wamisionari wa Uskoti, walioasisi Livingstonia mwaka 1875 na Blantyre mwaka 1876, ambao, kwa kuwa matabibu wao walikuwa wachache na wagonjwa hawana idadi, hawakuwa na budi kuwafunza wenyeji kufunga vidonda, kupima dawa na kukesha na mahututi. Baadaye dola ikashika hatamu: makao makuu ya serikali yalipohamishwa kutoka Zomba hadi Lilongwe mwaka 1975, mji ule ukapata Hospitali Kuu ya Kamuzu, na mwaka 1979 kikaasisiwa Chuo cha Uuguzi cha Kamuzu, ambacho mwaka 2021 kiliunganishwa na Chuo cha Tiba kuwa Chuo Kikuu cha Kamuzu cha Sayansi za Afya. Hivyo binti wa mtaa wa Area 36, Lilongwe, aliyehitimu sekondari akapata njia mbili, ya stashahada ya uuguzi na ukunga katika vyuo vya misheni, na ya shahada. Nazo zote zikakutana katika daftari la Baraza la Wauguzi na Wakunga.

Lakini ilimu iliyomfaa mtu Lilongwe ilimfaa na Uingereza pia. Mwanzoni mwa karne hii wauguzi wengi walihajiri, hata mwaka 2004 serikali, kwa msaada wa wafadhili, ikaazimia kuwaongezea watumishi wa afya asilimia 52 ya mshahara ili wabaki.

Ama Dzaleka, wilayani Dowa, lililokuwa gereza la wafungwa wa siasa zama za Rais Kamuzu Banda, mwaka 1994 liligeuzwa kambi ya wakimbizi, wakaja watu wa Rwanda, Burundi na Kongo, wakiwamo waliosomea uuguzi kwao kwa daraja za A2 (ya sekondari) na A1 (ya baada ya sekondari), na vyeti vyao vimeandikwa Kifaransa. Nayo Malawi, ilipouridhia Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, iliweka masharti yaliyoifanya ajira, ilimu na ruhusa ya kutembea kuwa hisani, wala si haki. Tangu mwaka 2010, kwa juhudi za Wajesuiti, masomo ya chuo kikuu yamekuwa yakisomwa kambini kwa intaneti, na kheri yake si haba. Ila uuguzi haukamiliki bila wodi, na wodini hakuingiwi bila idhini.

Basi uhaba wa wauguzi hautokani na uchache wa wenye ilimu peke yake: nchi iliyotoa mali kuwazuia wanaoondoka imekawia kuwapokea wasioweza kuondoka.