Habari za Mnyororo wa Pikipiki

Nilipokuwa mwalimu mgeni, nikifundisha katika shule iliyo mbali na barabara ya lami, nilikuwa na pikipiki kuukuu niliyojivunia sana. Siku moja niliona kwamba mnyororo wake umelegea, nikampelekea fundi. Fundi yule, mzee mwenye maneno machache, aliutazama mnyororo, akayatazama na yale magurudumu mawili ya meno, moja la mbele kwenye injini na moja la nyuma, ambayo mafundi wetu huyaita sproketi. Kisha akasema, "Mwalimu, hawa watatu ni ndugu waliozaliwa siku moja. Ukimzika mmoja, wazike wote." Mimi nilihesabu fedha zangu, nikamwomba anifungie mnyororo mpya peke yake. Alitikisa kichwa, akafanya kama nilivyotaka.

Haikupita miezi mingi. Usiku mmoja wa mvua nilimpakia mwanafunzi aliyeshikwa na homa kali, ili nimfikishe zahanati. Tulipokuwa tukipanda kilima, mnyororo uliruka juu ya meno, ukapiga kishindo, ukakatika. Tulitembea kwa miguu muda wa saa nzima gizani, yeye akiniegemea begani. Alipona, nami namshukuru Mungu; lakini tangu usiku ule nilitaka kujua kwa nini maneno ya fundi yalikuwa ya kweli. Nilipotafuta, niliona kwamba jibu lake limo katika historia, na ya kuwa historia hiyo ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Kazi ya mnyororo ni kuhamisha nguvu kutoka gurudumu moja hadi jingine lililo mbali nalo. Wachina walilijua jambo hili zamani. Katika karne ya 11, katika mji wa Kaifeng, mwanachuoni Su Song alisimamia ujenzi wa mnara wa saa ulioendeshwa kwa nguvu ya maji, nao ulionyesha saa na mwendo wa nyota. Ndani ya mnara huo ulitumika mnyororo usio na mwisho, uliopitishwa juu ya magurudumu ya meno. Huko Italia, mwishoni mwa karne ya 15, Leonardo da Vinci alichora minyororo ya namna mbalimbali katika madaftari yake. Baadhi ya madaftari hayo yalipotea machoni pa watu kwa muda mrefu, yakaonekana tena katika maktaba ya Madrid katika miaka ya 1960. Na atazamaye michoro yake hushangaa kuona jinsi inavyofanana na minyororo ya siku hizi.

Lakini mchoro si chombo. Mnyororo una mamia ya vipande, na kila kipande sharti kiwe sawa na mwenziwe. Kama sivyo, meno hayaupokei. Kwa hiyo ilipasa kungoja mpaka viwanda vilipopata mashine za kukata chuma kwa kipimo kimoja. Mwaka wa 1829 Mfaransa André Galle alipata hati ya uvumbuzi kwa mnyororo wa vibamba vya chuma vilivyounganishwa kwa pini. Mnyororo wake ulifaa kuinua mizigo polepole, bali ulikuwa na kasoro moja. Kila kiungo kilipojipinda juu ya gurudumu, pini ilijisugua katika ukingo mwembamba wa tundu la kibamba, na mzigo wote ukakaa juu ya ukingo huo. Mnyororo ulipokwenda kwa kasi, pini zililika upesi. Mwaka wa 1864 Mwingereza James Slater aliongeza rola ndogo zinazozunguka, ili meno yasisuguliwe mno. Lakini ile kasoro ya pini ikabaki.

Aliyeiondoa alikuwa Hans Renold. Mtu huyu alizaliwa mwaka wa 1852 katika mji wa Aarau, nchini Uswisi, akafika Manchester, Uingereza, mwaka wa 1873. Mwaka wa 1879 alinunua karakana ndogo katika mji wa jirani wa Salford, iliyokuwa ikitengeneza minyororo kwa ajili ya mashine za viwanda vya nguo. Mwaka uliofuata, yaani 1880, alipata hati ya uvumbuzi kwa mnyororo wa namna mpya. Baina ya vibamba alitia kibomba kifupi cha chuma, ambacho mafundi hukiita bushi. Pini ikapita ndani yake, na rola ikazunguka nje yake. Sasa pini haikusugua tena ukingo mwembamba, bali ililala ndani ya bushi kwa upana wake wote.

Tazama hekima ya jambo hili. Mama abebaye mtungi kichwani hutanguliza ngata. Ngata haipunguzi uzito wa maji hata kidogo. Huutandaza tu, usikae mahali pamoja. Renold naye alifanya vivyo hivyo. Aliutandaza mzigo, na mnyororo uliokuwa ukichakaa upesi ukaweza kufanya kazi kwa muda mrefu. Mnyororo ulio katika pikipiki za leo una sehemu zilezile: vibamba, pini, bushi na rola. Kuanzia miaka ya 1970 minyororo mingine ilitiwa pete ndogo za mpira ili kuzuia grisi isitoke na mchanga usiingie; lakini mpango wenyewe ni ule wa 1880.

Uvumbuzi huo ulifika kwa wakati wake. Siku zile wapanda baisikeli walikuwa wakiketi juu ya gurudumu kubwa mno la mbele, kwa sababu pedali zilifungwa kwenye gurudumu lenyewe. Mtu akitaka kwenda mbali kwa kila mzunguko wa miguu, hakuwa na budi kukuza gurudumu, na akianguka, alianguka kutoka juu. Mwaka wa 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baisikeli iliyoitwa Rover. Magurudumu yake yalikaribiana kwa ukubwa, na mnyororo ulipeleka nguvu ya miguu kwenye gurudumu la nyuma. Sproketi kubwa mbele na ndogo nyuma zilifanya kazi iliyofanywa zamani na lile gurudumu kubwa. Baisikeli za mpango huo zilienea duniani kote, na kwetu pia. Mpakani Busia, katika miaka ya 1960, vijana walianza kuwavusha watu na mizigo kwa baisikeli baina ya Kenya na Uganda, na ndipo lilipopatikana jina la boda boda, ambalo baadaye pikipiki zimelirithi.

Pikipiki haikuupokea mnyororo mara moja. Mwaka huohuo wa 1885, nchini Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliweka injini katika chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, nguvu ikapelekwa kwa mkanda wa ngozi. Kwa miaka mingi iliyofuata pikipiki nyingi ziliendeshwa kwa mkanda. Mkanda ni mwepesi na hauna kelele, ila una adui wawili, mvua na mlima. Ukilowa huteleza, na mzigo ukizidi huteleza vilevile.

Wakati huo mnyororo ulikuwa umekwisha kupata sifa mahali pengine. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliokuwa mafundi wa baisikeli, waliporuka kwa eropleni yao mnamo Desemba 1903, mapanga mawili ya eropleni hiyo yalizungushwa kwa minyororo na sproketi. Yafaa kukumbuka kwamba wiki chache kabla ya hapo sproketi zao zilikuwa zikilegea kila injini ilipowashwa, wakalazimika kuzigandisha kwa gundi ya mipira ya magurudumu. Safari ile mashuhuri ilikaribia kuzuiwa na sproketi iliyolegea.

Kwa pikipiki, siku ya kukumbukwa ilikuwa mwaka wa 1911, katika mashindano ya kisiwa cha Man, kilicho baina ya Uingereza na Ireland. Mwaka huo njia ya mashindano ilihamishwa ikapitishwa juu ya mlima Snaefell, na mzunguko mmoja ulikuwa wa kilomita 60 hivi. Pikipiki za Indian, kutoka Marekani, zilifika zikiwa na gia mbili na mnyororo badala ya mkanda. Oliver Godfrey alishinda kwa pikipiki hiyo, na nafasi ya pili na ya tatu zikachukuliwa na wenziwe wenye pikipiki za namna ileile. Mlima ulikuwa umetoa hukumu yake. Polepole watengenezaji wengine waliuacha mkanda wakaushika mnyororo.

Sasa turudi kwa fundi wangu na maneno yake. Renold aliutandaza mzigo, lakini hakuuondoa msuguano, wala hapana mtu awezaye kuuondoa wote. Chukua mnyororo wenye viungo 118, na kila kiungo kina urefu wa milimita 12.7. Urefu wote ni karibu mita moja na nusu. Ikiwa kila kiungo kimelika kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, yaani kadiri ya unene wa karatasi, mnyororo mzima umerefuka kwa milimita 11.8. Bandu! bandu! huisha gogo. Chuma hakikuvutika kama mpira. Ni pini na bushi zilizolika kidogo kidogo. Mnyororo uliorefuka hauketi tena vyema katika mabonde ya sproketi. Rola hupanda kuelekea ncha za meno, na meno hulika upande mmoja mpaka yakapindika kama kulabu. Ukifunga mnyororo mpya juu ya meno hayo, viungo vyake havilingani nayo. Mzigo uliopasa kubebwa na meno mengi hubebwa na machache, na mnyororo mpya huharibika kabla ya siku zake. Hivyo ndivyo ulivyokufa mnyororo wangu pale kilimani.

Mwenye kutaka kupima na afanye hivi. Mnyororo wa pikipiki nyingi ndogo za kwetu huwa na namba 428. Tarakimu ya kwanza, 4, ni hesabu ya sehemu za nane za inchi kutoka pini hadi pini. Sehemu nne za nane ni nusu inchi, nayo ndiyo milimita 12.7. Tarakimu mbili za mwisho zahusu upana. Vuta mnyororo unyooke, kisha pima viungo 20. Ukiwa mpya utapata milimita 254. Ukipata 259, mnyororo huo umekwisha kazi yake.

Unapochagua, chukua namba ileile, hesabu ya viungo ileile, na sproketi za meno yaleyale. Ikiwa ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42, injini huzungusha ya mbele mara 3 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukitia ya mbele yenye meno 15, mizunguko hiyo hupungua kuwa 2.8, utapata mwendo zaidi katika tambarare, lakini utaulipa kwa nguvu utakapofika mlimani.

Katika kufunga, kwanza zima injini, uondoe na ufunguo. Mnyororo unaozunguka hukata vidole, na vidole havina duka. Ikiwa kiungo cha mwisho hufungwa kwa klipu, upande wa klipu usio na mwanya sharti uelekee mnyororo unakokwenda, isije ikang'oka njiani. Hakikisha kwamba alama za pande zote mbili za gurudumu la nyuma zimelingana. Usiukaze mnyororo kama uzi wa zeze. Uache ucheze kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Kaza vyema nati ya ekseli, zungusha gurudumu kwa mkono, ndipo utie mafuta.

Historia tunayosoma madarasani hutaja wafalme na vita, na haifai kuyapuuza hayo. Lakini kila asubuhi maelfu ya watu wetu husafirishwa kwa kazi ya Su Song, Galle, Slater na Renold, pasipo kuwajua. Mama mjamzito aendaye hospitali na mkulima apelekaye maziwa sokoni hubebwa na pini nyembamba kuliko kidole cha mtoto mchanga.

Siku ya tatu baada ya usiku ule wa mvua nilirudi kwa fundi nikiisukuma pikipiki yangu, nikiwa na fedha za vitu vyote vitatu mfukoni. Hakunicheka. Alinionyesha meno ya sproketi ya zamani, akaniambia niyapapase kwa kidole. Yalikuwa makali, yamepindika yote upande mmoja. Nilimwomba anipe sproketi ile niende nayo, nayo mpaka leo iko juu ya meza yangu darasani.