Kukatika kwa Hedhi: Joto la Ghafla, Ibada na Eda

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah (Subhanahu wa Taala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), jamaa zake na Sahaba zake. Amma baad:

Hapa visiwani msichana anapovunja ungo hupewa somo wake, akafundishwa hedhi ni nini, namna ya kujitwaharisha na lini anaacha sala. Hedhi inapoanza kumwacha, baada ya miaka thalathini na zaidi, hakuna anayemkalisha tena mkekani. Anabaki na mwili unaowaka usiku, damu inayokuja bila ya mpangilio, na masuala ya sala, funga na eda anayoona haya kumuuliza hata imamu wa mtaa wake. Masuala hayo hutufikia kwa wingi, na mara nyingi huletwa na mume au mtoto kwa niaba ya mama. Tumeona tuyakusanye mahala pamoja, tukieleza yanayosemwa na matabibu na yanayosemwa na mafakihi, khasa wa madhehebu ya Imam Shafi ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu Unguja na Pemba.

Kukatika kwa hedhi ni nini

Matabibu huhesabu kuwa hedhi imekatika pale mwanamke anapotimiza miezi 12 mfululizo bila ya kuiona, na sababu isiwe mimba, kunyonyesha wala dawa. Wanawake wengi hufikia hapo kati ya umri wa miaka 45 na 55. Ikikatika kabla ya miaka 40, hiyo ni mapema mno na inahitaji uchunguzi wa hospitali.

Kabla ya hapo hupita muda, pengine miaka kadhaa, ambapo homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila ya utaratibu. Katika muda huu hedhi hukawia au hukaribiana, huwa nyingi au kidogo, usingizi hupungua, moyo hudunda, hasira huja upesi na kusahau huzidi. Ijulikane pia kuwa mimba bado inawezekana katika kipindi hiki.

Hili ni umbile aliloliweka Muumba. Si ugonjwa, si laana, wala si alama kuwa mwanamke amekwisha. Lakini kuwa jambo ni la kimaumbile hakumaanishi kuwa mtu asitafute nafuu. Uzazi nao ni wa kimaumbile, na hatumwachi mzazi bila ya mkunga.

Joto la ghafla na namna ya kulipunguza

Estrojeni inaposhuka, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Joto dogo huliona kubwa, ikaamrisha mishipa ya ngozi kutanuka na jasho kutoka. Mama huhisi moto ukimpanda kifuani hadi usoni, akatota jasho, kisha pengine akahisi baridi. Hali hiyo huchukua dakika chache ikapoa. Wapo wanaopata mara moja kwa wiki, na wapo wanaoamshwa nayo kila usiku kwa miaka.

Yafuatayo husaidia, na hayana gharama kubwa:

- Kuvaa na kujifunika nguo za pamba, kama kanga, na kuepuka vitambaa vya nailoni visivyopitisha hewa.
- Kulala penye dirisha au feni, na kuweka maji baridi karibu na kitanda.
- Kuangalia kinachoamsha joto. Kwa wengi ni chai na kahawa ya moto, pilipili na sigara.
- Kutembea kwa miguu kila siku na kupunguza uzito uliozidi.
- Kula vyakula vyenye kalsiamu kama dagaa na maziwa, kwani mifupa hudhoofika baada ya hedhi kukatika.

Habasoda na asali ni katika vitu vilivyosifiwa katika Sunna, na hakuna ubaya kuvitumia. Ila anayeuza chupa na kudai kuwa itarudisha hedhi au itamaliza joto kwa siku tatu, huyo anatafuta riziki kwa kusema uongo.

Si kila jasho la usiku linatokana na umri. Likija pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa na kukonda, huenda ni kifua kikuu. Likija na mkono kutetemeka na moyo kwenda mbio kila wakati, huenda ni tezi ya shingo. Na tunasema wazi kwa wale wanaokimbilia kusema "ana jini" kila mama anapokuwa mkali au anapolia bila ya sababu: kisomo cha Qur-ani ni kheri na hakina pingamizi na dawa, lakini kisomo hakimzuilii mtu kwenda hospitali. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ametuamrisha tujitibu.

Dawa za homoni na hukumu yake

Dawa iliyothibiti kuwa na nguvu zaidi dhidi ya joto la ghafla ni kurudishiwa homoni, kwa vidonge, jeli au kibandiko cha ngozi. Wengi waliiogopa baada ya utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, ambao ulionesha ongezeko la saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu kwa waliotumia homoni mbili pamoja. Walioshiriki walikuwa na umri wa wastani wa miaka 63. Uchambuzi uliofuata umeonesha kuwa kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikatike, faida kwa kawaida huzidi madhara.

Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kuganda kwa damu au ugonjwa mkubwa wa ini, na yule anayetoka damu isiyojulikana sababu, huambiwa asiitumie mpaka daktari aamue. Na mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake, bali huongezewa homoni ya pili ili kuulinda mfuko huo. Kwa hivyo isinunuliwe dukani kwa ushauri wa jirani. Zipo pia dawa zisizo za homoni kwa wasioweza kuzitumia.

Kisheria, asili ya dawa hizi ni kuruhusika, kwani ni kuondoa dhara. Yapo masuala ya chanzo chake. Baadhi ya vidonge hutengenezwa kutokana na mkojo wa farasi wenye mimba, na mkojo huo kwetu ni najisi. Nyengine hutengenezwa kutokana na mimea. Mama amuulize daktari au mfamasia, na achague ya mimea inapopatikana. Isipopatikana, na tabibu mwaminifu akaona hapana budi, mafakihi wetu wameruhusu kujitibu kwa kilicho najisi.

Damu isiyo na mpangilio

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kanuni kwa madhehebu yetu ni hizi: hedhi haipungui mchana na usiku mmoja, yaani saa 24 zikijumlishwa, na haizidi siku 15. Na baina ya hedhi mbili lazima kupite twahara isiyopungua siku 15.

Kwa hivyo mama akiona damu baada ya siku 15 au zaidi za twahara, ataacha sala na funga. Ikikoma bila ya kujumlika saa 24, haikuwa hedhi, na atazilipa sala alizoziacha. Ikifika saa 24 na isizidi siku 15, hiyo ni hedhi hata kama ada yake ilikuwa siku tano. Ikipindukia siku 15, basi imeingia istihadha. Zikitofautiana damu zake, ile yenye nguvu zaidi ndiyo hedhi kwa masharti yake. Zisipotofautiana, atarudi kwenye ada yake ya zamani, na atalipa sala za siku zilizozidi. Tunamnasihi kila mama wa umri huu aandike tarehe na saa ya damu kuanza na kukoma. Bila ya hivyo hata mwanachuoni hawezi kumsaidia.

Damu inayorudi baada ya mwaka

Mwanamke amekaa mwaka au miaka mitatu bila ya hedhi, kisha damu ikaja. Kwa upande wa ibada, madhehebu ya Shafi hayakuweka umri ambao hedhi haiwezi kuja tena. Damu ikitimiza masharti tuliyoyataja, hukumu yake ni hukumu ya hedhi.

Lakini hukumu hiyo ni ya sala na funga tu, na haimaanishi kuwa mama ni mzima. Kwa matabibu, damu yoyote inayokuja baada ya miezi 12 ya kukatika, hata tone, ni lazima ichunguzwe, kwani huenda ikawa dalili ya saratani ya mfuko wa uzazi au ya shingo ya kizazi. Mara nyingi hukutwa ni jambo dogo. Ikiwa ni saratani na ikagunduliwa mapema, inatibika. Wapo wanaoficha kwa haya, wakafurahi kuwa "ujana umerudi", mpaka maradhi yakakomaa. Haya ni sehemu ya imani, ila haya inayomwangamiza mtu haikutakiwa na sheria. Akipatikana daktari mwanamke ndiyo bora. Asipopatikana, dharura inaruhusu wa kiume, kwa kiasi cha haja na mbele ya maharimu, mume au mwanamke mwaminifu.

Sala, twahara na funga

*Jasho.* Jasho ni twahara. Halitengui udhu wala haliwajibishi josho, hata akiamka ametota.

*Kuvuja mkojo.* Mkojo ukimtoka mara moja moja kwa kukohoa, atajisafisha na kurejea udhu. Ukiwa hausiti, hukumu yake ni ya mwenye udhuru wa kudumu: atajisafisha, atajifunga kitambaa au pedi, na atatia udhu kwa kila sala ya faradhi baada ya kuingia wakati wake.

*Kusahau.* Akitia shaka ni rakaa tatu au nne, ajengee juu ya uchache, yaani tatu, akamilishe, kisha asujudu sijda ya kusahau.

*Funga.* Joto la ghafla kwa dhati yake si udhuru wa kuacha Ramadhani, hata ikiangukia kaskazi. Mama atie nia usiku. Akizidiwa mchana kwa kiasi cha kuogopa madhara au mashaka makubwa yasiyovumilika, ataftari na atalipa. Wengi huharakia kutoa fidia, na hilo si sahihi kwa hali hii, kwani joto hili ni la kupita. Fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku ni ya asiyetarajia kuweza tena kufunga. Vidonge vinywewe futari au daku. Kibandiko cha ngozi hakifunguzi, kwani hakikuingia kwa tundu la mwili lililo wazi. Dawa ya kuweka ukeni itumike usiku, kwani mchana hufunguza kwa madhehebu yetu.

Na hapa pana neema. Aliyekuwa na madeni ya Ramadhani za nyuma kwa sababu ya hedhi sasa ana mwaka mzima mbele yake. Alipe, na kama alichelewesha bila ya udhuru mpaka Ramadhani nyengine ikaingia, aongeze kibaba kwa kila siku.

Eda

Suratut-Talaq, aya ya 4, imeweka eda ya mwanamke aliyekata tamaa ya hedhi kuwa ni miezi mitatu. Wengine wanaopata hedhi huhesabu twahara tatu. Tatizo ni la katikati: mwanamke wa miaka 47 aliyepewa talaka, na hedhi haijaonekana miezi minne. Haifai ajihesabie miezi mitatu na kuolewa, kwani bado hajathibiti kuwa amekata tamaa. Umri wa kukata tamaa uliomashuhuri kwa Mashafi ni miaka 62 ya Hijria, karibu miaka 60 ya kawaida. Kauli mpya ya Imam Shafi ni kuwa asubiri mpaka aone hedhi au afike umri huo. Kauli yake ya kale, ambayo inaafikiana na madhehebu ya Imam Malik na Imam Ahmad, ni kuwa asubiri miezi tisa ya kuhakikisha hana mimba, kisha miezi mitatu ya eda, jumla mwaka mmoja.

Ndani ya eda zimo haki: nafaka, makaazi, haki ya mume kurejea katika talaka rejea, na urithi mmoja wao akifariki. Kuozwa ndani ya eda ni batili. Kwa hivyo suala hili lipelekwe kwa Kadhi, pamoja na maelezo ya daktari, wala lisiamuliwe barazani. Ama mjane asiye na mimba, eda yake ni miezi minne na siku kumi, awe anapata hedhi au hapati.

Mavazi

Suratun-Nur, aya ya 60, imewapa nafuu ya mavazi ya nje wanawake wakongwe wasiotarajia ndoa, bila ya kuonesha mapambo, na kujistahi ni bora kwao. Nafuu hiyo si ya kila ambaye hedhi imemkatika akiwa na miaka 50. Ila sheria haikuamrisha kitambaa kizito. Baibui la pamba jepesi lisiloonesha linatosha.

Neno kwa waume

Ukavu na maumivu wakati wa tendo la ndoa ni katika dalili za kipindi hiki, na si ishara ya chuki. Yapo mafuta ya kulainisha na dawa za kupaka ambazo daktari huzitoa. Mume awe mpole, asimlazimishe mkewe katika maumivu, wala asimkejeli kuwa amezeeka. Amegharimika mwili wake kwa kumzalia watoto. Kumnunulia feni, kumpeleka hospitali na kumwachia alale ni katika kukaa kwa wema tulikoamrishwa. Na watoto wajue kuwa ukali wa mama katika miaka hii unahitaji subira yao.

Tunamuomba Allah awape mama zetu afya, awakubalie ibada zao, na awafanyie wepesi.

Wallahu aalam.