Magurudumu ya Karachi: nani alipaswa kusema?

Wasee, ndege ikianguka sote tunakimbilia kuuliza rubani alikosea wapi. Mimi nimekwama kwa waliokuwa chini wakitazama.

Tarehe 22 Mei 2020, siku chache kabla ya Idi, Airbus A320 ya Pakistan International Airlines ilitoka Lahore kwenda Karachi na watu 99. Ilikaribia uwanja ikiwa juu mno na kwa kasi mno. Muongoza ndege wa rada aliwaambia marubani waache kutua, mara mbili. Wakajibu wako sawa. Baadaye waziri aliliambia bunge kwamba walikuwa wakipiga stori za corona. Corona, manze!

Magurudumu walikuwa wameyashusha mapema. Kwenye futi 1,740 yakarudishwa juu. Ving'ora vikalia mle ndani, wao wakaendelea tu. Ndege ikagusa lami kwa injini, cheche zikaruka, kisha ikapaa tena.

Hapa ndipo naumia. Mtu wa mnara aliziona injini zikikwaruza lami. Hakumwambia rubani. Alimwambia mwenzake wa rada, na huyo naye akanyamaza. Yaani habari ilizunguka kwa kila mtu isipokuwa waliokuwa ndani ya ndege.

Najua mtaniambia magurudumu ni kazi ya rubani. Ni kweli, na hawa walipuuza kila onyo. Lakini kwenye viwanja vya jeshi la Marekani, muongoza ndege humkumbusha rubani ahakikishe magurudumu yako chini kabla ya kutua. Si ati marubani wao hawajasoma. Ni kwamba binadamu husahau. Wa rada haoni magurudumu, sawa. Mnara nao una vioo pande zote ili mtu atazame nje. Hata Thika Road, dereva usiyemjua atakupigia honi akuonyeshe tairi imeisha upepo, na hakuna aliyemtuma.

Sisemi neno moja lingewaokoa. Injini zilikuwa zimeshaumia. Ila rubani angeambiwa, angejua anarudi na ndege ya aina gani. Badala yake aliomba kuja kutua tena, kama vile ni mzunguko wa kawaida. Muda mfupi baadaye akasema redioni kwamba wamepoteza injini, na ndege ikaangukia nyumba za Model Colony, karibu kabisa na uwanja. Kati ya wale 99, walitoka hai wawili.