Kwa nini stima huyumba Suna ilhali vyanzo vya kawi vimeongezeka

UMEME unaowasha taa mjini Migori, kitovu cha eneo la Suna, husafiri mwendo mrefu kabla ya kumfikia mtumiaji. Sehemu kubwa huzalishwa kwa mvuke wa ardhini huko Olkaria, Naivasha. Mwingine hutokana na upepo wa Loiyangalani, Marsabit, na tangu Novemba 2022 mwingine hununuliwa kutoka Ethiopia.

Haikuwa hivyo tangu awali. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtambo wa Gogo ulijengwa kwenye maporomoko ya mto Kuja ili kuhudumia mgodi wa Macalder. Uwezo wake ni megawati (MW) 2 tu, lakini ulikuwa jirani ya mtumiaji wake, na hitilafu ya Nairobi haikuuhusu.

Siku hizi mitambo yote mikubwa imeunganishwa katika gridi ya taifa, nayo hulazimika kwenda mwendo mmoja: mizunguko 50 kwa sekunde. Ni mithili ya fahali wanaovuta plau moja. Mmoja akianguka ghafla, mzigo wake huwaelemea waliosalia, na wasipopunguziwa kazi upesi wote husimama.

Mitambo ya maji na ya mvuke ina vyuma vizito vinavyozunguka. Mmoja unapozimika, uzito wa iliyosalia huzuia mwendo usishuke mara moja, na sekunde hizo chache ndizo zinazoipa mitambo mingine nafasi ya kuongeza nguvu. Paneli za sola hazina chuma kinachozunguka, na mitambo ya upepo hutegemea sana vifaa vya kielektroniki. Umeme wa Ethiopia nao hufika Suswa kwa njia ya mkondo mnyoofu, kisha hubadilishwa. Vyanzo hivi havina moshi, lakini haviongezi uzito huo kwa kiwango kile kile.

Athari zake zilidhihirika Septemba 6, 2024, saa mbili na dakika 56 asubuhi. Njia ya kutoka Loiyangalani ilikatika Suswa ikiwa imebeba MW 288. Muda mfupi baadaye njia ya Ethiopia, iliyokuwa ikileta MW 200, ikakatika pia. Kwa jumla MW 488 zilipotea, yaani asilimia 27.3 ya mahitaji ya nchi wakati huo. Sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani. Eneo la North Rift na baadhi ya sehemu za magharibi zilinusurika kwa kuwa zilikuwa zikipokea umeme wa Uganda.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, giza la Agosti 25, 2023 lilizua mabishano. Kenya Power ililihusisha na kupotea kwa umeme wa upepo. Wenye mitambo hiyo wakajibu kwamba ilijizima kwa kujikinga, baada ya volteji ya gridi kupanda kupita kiasi.

Hata hivyo, si haki kuutwika upepo lawama zote. Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, ambacho ni cha nguvu za maji, na kusababisha kupotea kwa MW 180. Nchi nzima ilikosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona. Hatari kubwa ni kutegemea mno kituo kimoja au njia moja, chanzo kiwe kipi.

Magharibi mwa nchi kuna shida nyingine: volteji hufifia umeme unaposafiri mbali, na huhitaji kuinuliwa na mitambo iliyo karibu. Kituo cha Sondu Miriu (MW 60, kilichoanza kazi 2008) na jirani yake Sang'oro (MW 21, 2012) husaidia, lakini havina bwawa kubwa la akiba. Maji ya mto yakipungua wakati wa kiangazi, umeme nao hupungua. Ndiyo sababu mtambo wa Muhoroni, unaotumia mafuta ya bei ghali, umekuwa ukitegemewa kuinua volteji ya eneo hili. Gharama ya mafuta hayo huingia katika bili za wateja kote nchini.

Jioni ndipo mambo huwa magumu zaidi. Mwaka 2025, Rais William Ruto alikiri kwamba baadhi ya maeneo hulazimika kukatiwa umeme kwa zamu kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Hizo ndizo saa ambazo uzalishaji wa sola hupungua kisha kukoma, na ndizo ambazo vinyozi, wauza samaki na wenye vinu vya kusaga hutegemea zaidi kuingiza pesa.

Njia ya kilovolti 132 kutoka Kisii hadi Awendo, pamoja na ile ya kutoka Sondu kupitia Homa Bay na Ndhiwa, imekusudiwa kuipa Awendo milango miwili: mmoja ukifungwa, umeme upitie mwingine. Lakini kutoka Awendo hadi Suna, mwendo wa kilomita 20 hivi, umeme husafirishwa kwa nyaya za volteji ndogo zaidi. Nguzo ikiangushwa na dhoruba hapo, mji wa Migori waweza kukaa gizani huku gridi ya taifa ikiwa salama kabisa.

KenGen imepanga kujenga mitambo ya betri kwa ajili ya saa za jioni, na pia kuupanua ule mtambo wa zamani wa Gogo.