Ombi la Yusuf Gerezani

Katika mawaidha mengi, ya msikitini na ya kanisani, husikika kwamba Yusuf aliongezewa miaka kifungoni kwa kosa moja: alimwomba binadamu amsaidie. Mnyweshaji wa mfalme alikuwa karibu kufunguliwa, Yusuf akamsihi amtaje mbele ya mfalme. Na kwa kuwa alimwegemea mja badala ya Mola, ati, akaachwa asote. Dai hili ni la kale na limeungwa mkono na wanazuoni wakubwa. Hata hivyo maandiko hayalibebi, na madhara yake si madogo, kwani humfundisha mfungwa asiye na hatia kwamba kudai haki yake ni upungufu wa imani.

Wivu wa ndugu, kuuzwa Misri, shutuma ya mke wa bwana wake: hayo kila mtoto wa madrasa na wa shule ya Jumapili anayajua. Kinachopitwa haraka ni maneno ya Yusuf akiwa ndani. Katika sura ya 40 ya Mwanzo haombi tu akumbukwe. Anaeleza kesi yake: aliibwa kutoka nchi ya Waebrania, na huko Misri nako hakutenda lolote la kumtia kifungoni. Mahali alipofungwa anapaita, kwa Kiebrania, bor, yaani shimo. Jina la kawaida la gereza katika sura hizo ni jingine kabisa. Bor ndilo lililotumika sura tatu nyuma, pale ndugu zake walipomtumbukiza katika shimo lisilo na maji. Yusuf anaziita dhuluma zote mbili kwa jina moja, na tafsiri inayoandika "gereza" hapo humnyima msomaji uchungu huo.

Lawama ilitoka wapi, basi? Sura ya 41 inaanza kwa kusema miaka miwili mizima ilipita. Walimu wa Kiyahudi wa kale, katika Midrashi ya Mwanzo, walihesabu maneno mawili ya ombi la Yusuf wakayalinganisha na miaka hiyo miwili. Rashi, mfafanuzi wa Troyes aliyefariki mwaka 1105, naye akasema Yusuf alifungwa zaidi kwa kumtegemea mnyweshaji. Ni hesabu ya kuvutia, lakini mstari wa mwisho wa sura ya 40 unamtaja aliyesahau, naye ni mnyweshaji. Hasira ya Mungu kwa Yusuf haimo.

Kwa Waislamu ubishi ni mzito zaidi, maana umelalia neno moja la aya ya 42 ya Sura Yusuf. Aya inasema Shetani alimsahaulisha kumkumbuka, au kumtajia, rabb wake. Alimsahaulisha nani? Kiambishi -m- cha Kiswahili hakisemi, kama kiwakilishi cha Kiarabu kisivyosema. Ila mfasiri wa Kiswahili akifika kwenye rabb hana pa kujificha. Akiandika "Mola", aliyesahau ni Yusuf. Akiandika "bwana", aliyesahau ni mnyweshaji.

At-Tabari, mfafanuzi wa Qurani aliyefariki Baghdad mwaka 923, alishika maana ya kwanza. Ibn Kathir wa Damascus, aliyefariki mwaka 1373, aliikataa. Alisema kauli sahihi ni ya mfafanuzi wa kale Mujahid na wenzake, kwamba aliyesahaulishwa ni yule aliyeokoka, yaani mnyweshaji, na hadithi inayomlaumu Yusuf akaipima wapokezi wake akaiona dhaifu mno. Ukweli uko kwa Ibn Kathir. Katika aya hiyohiyo rabb limetoka tu kutumika kwa mfalme, bwana wa mnyweshaji. Kisha aya ya 45 inasema yule aliyeokoka akakumbuka baada ya muda. Anayekumbuka ndiye aliyekuwa amesahau.

Wala Yusuf si peke yake. Yeremia, mtu wa Mungu asiyeshukiwa imani, alimsihi Mfalme Sedekia asimrudishe katika nyumba ya Yonathani mwandishi, asije akafia humo. Baadaye alipozama kwenye tope la shimo, Ebedmeleki Mkushi alimshushia matambara makuukuu ayaweke makwapani, kamba zisimchubue. Na Paulo huko Filipi, aliyekuwa akiimba usiku na Sila huku miguu imo kwenye mkatale, asubuhi alikataa kutoka kimyakimya. Walipigwa hadharani bila kuhukumiwa, nao ni raia wa Rumi. Wakuu waje wenyewe wawatoe.

Yusuf alikuwa ametangulia kufanya kama Paulo. Katika Sura Yusuf, mjumbe wa mfalme alipomfuata, Yusuf alimwambia arudi kwanza kwa bwana wake amuulize habari ya wale wanawake waliojikata mikono walipomwona. Mtume Muhammad, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari, alisema lau angekaa gerezani kama Yusuf angemwitikia mwitaji. Sifa hiyo ni ya mtu aliyesubiri mpaka jina lake lisafishwe mbele ya watu.

Mjumbe akarudi. Mfalme akawauliza wanawake, wakasema hawamjui Yusuf kwa ubaya wowote. Mke wa Mheshimiwa, yule bwana wake Yusuf, naye akakiri kwamba ndiye aliyemtaka, na kwamba Yusuf ni mkweli. Maneno hayo yaliposemwa barazani kwa mfalme, aliyesafishwa alikuwa bado yumo gerezani.