Mavi ya Mbwa Yaliwahi Kuwa Dili: Kutoka London Mpaka Mpendae

Kama unakula, weka simu pembeni kwanza, umalize ndo urudi. Leo stori inaanzia kwenye mavi ya mbwa na mimi mwenyewe nimo ndani.

Hapa kwetu Mpendae kuna jumba moja la geti kubwa. Mwenyewe mnamjua, jina kapuni, ila ukitaja watu watatu wanaopendwa kupiga picha na kila mgeni anayeshuka uwanja wa ndege, yeye wa pili. Anafuga mbwa watatu. Kila Jumatatu na Alhamisi anakuja kijana na baiskeli, ana koleo, ndoo yenye kifuniko na glavu za mpira. Anaingia uwani, anazoa vinyesi vyote, anamwagia maji na dawa, anachukua elfu tano yake, anaondoka. Mtaa mzima ulishampa jina: Bwana Kimba.

Mie nikamrekodi. Sekunde kama ishirini hivi, nikatia na muziki wa taarab, nikapandisha status. Watu walicheka mpaka basi. Siku ya tatu yule kijana akanifata barazani. Hakuja na ugomvi. Akaniuliza tu, "Kaka, choo chenu kikijaa, nani anakuja kukivuta? Na yeye unamrekodi?" Halafu akaniambia kuwa ameposa Jang'ombe na wazee wa binti wameiona ile video. Posa imesimama.

Nikaifuta, lakini nyote mnajua kufuta kwa mjini kukoje. Imeshafika hadi Pemba. Basi usiku huo usingizi haukuja, nikaanza kusoma. Na niliyoyakuta ndo haya.

Kwanza London. Miaka ya 1850 kuna mwandishi anaitwa Henry Mayhew, kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaa ya masikini na kuandika wanaishi vipi. Akakuta watu mia mbili na kitu ambao riziki yao ni kuokota mavi ya mbwa barabarani. Tena waliyaita "pure", neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni safi! Walikuwa wanayauza kwa viwanda vya ngozi kule Bermondsey, na ndoo moja nzuri iliweza kufika shilingi moja na zaidi kidogo ya wakati ule. Ngozi ikilowekwa na kusuguliwa na ule uchafu inalainika, ndo wanatengenezea glavu za mabibi wakubwa na majalada ya vitabu. Yaani bibi anavaa glavu anakwenda karamuni, anapewa mkono, anabusiwa mkono! Aliyemlainishia ile ngozi akipita mlangoni kwake anafukuzwa.

Biashara hiyo ilikuja kufa kwa sababu ya Mjerumani mmoja, Otto Röhm. Yeye aligundua kuwa kinacholainisha ngozi ni vimeng'enya, na vimeng'enya vya namna hiyo vinapatikana kwenye kongosho la mnyama. Mwaka 1907 akafungua kampuni na mwenzake Otto Haas kuuza dawa hiyo. Kampuni hiyohiyo baadaye ndo ikaja na ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, Plexiglas. Kwa hiyo ukifatilia nasaba yake, babu yake ni kimba. Sijatunga.

Turudi nyumbani. Wengi wetu tunadhani mbwa Unguja ni mambo ya juzi, yameletwa na wazungu na matajiri wa mageti. Si kweli. Kusini huko wasasi wamekuwa na mbwa tangu enzi za mababu, wanakwenda nao msituni kuwinda nguruwe mwitu wanaomaliza mihogo ya watu. Na dini yenyewe haikumfungia mbwa mlango wote: wa kuwindia, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba wanaruhusiwa, na wale vijana wa pangoni katika Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao. Shida ni unajisi. Sisi wa madhehebu ya Shafi ukigusana naye kukiwa na majimaji unaosha mara saba, moja kwa udongo. Sasa mwenye jumba hataki kuosha mara saba kila asubuhi, ndo maana kamuajiri mtu. Ina maana yule kijana anabeba najisi ya mtu mwengine ili huyo mtu aswali bila wasiwasi. Hebu lifikirie hilo kidogo.

Na sisi wenyewe, mji wetu huu tunaouuza kwa watalii, mnajua uliitwaje? Mwaka 1866 David Livingstone alipita hapa akasema ungefaa kuitwa Stinkibar. Alichukua jina letu akalitia neno la kunuka. Uchafu wote wa mji ulikuwa ukitupwa pwani, maji yakupwa unabaki pale pale unapigwa jua. Burton naye alipofika mwisho wa 1856 alilalamika hivyohivyo. Tusiwaonee wazungu gere kwa kutusema maana kipindupindu kilikuwa kweli: kilipiga 1858, kikarudi 1869 na kuingia 1870, kikaua maelfu. Daktari James Christie aliyekuwa akitibu hapa alikiandikia kitabu kizima, kikatoka 1876. Ndipo Sayyid Barghash akavuta maji ya mabomba kutoka Chemchem kuleta mjini. Barghash tunamkumbuka kwa Beit al-Ajaib, lakini mie naona mabomba yale yaliokoa watu wengi zaidi kuliko jumba lile.

Jina la Barghash lipo kila kitabu. La aliyechimba mitaro, aliyebeba ndoo za vyoo, aliyefagia Darajani wakati bado kuna hori na daraja kweli? Halipo popote. Hata jina la utani hakuna.

Haya, na kwa wale mnaofuga: kazi hii si ya kuringia tu. Mayai ya minyoo ya mbwa hayaambukizi siku hiyohiyo, yanahitaji wiki mbili hivi yakae udongoni. Ukizoa mara mbili kwa wiki umeshayawahi. Ukiyaacha, yanaweza kudumu miaka, na mtoto anayechezea mchanga halafu anatia kidole mdomoni ndo anaumia. Wapo na minyoo wengine wanaopenya unyayo ukitembea peku, unabaki na mistari inayowasha kama kuna mtu anachora ramani ndani ya ngozi. Halafu jamani, msitie kwenye mchicha eti mbolea. Na visima vyetu vya Mpendae mnavijua vilivyo karibukaribu, usifukie ovyo. Kijana wetu anatia kwenye mifuko ya karatasi ya saruji, maana ya plastiki tulishapigwa marufuku tangu 2006. Mie hata hilo sikuligundua wakati namrekodi, nilikuwa natafuta muziki.

Nimemuomba radhi. Akasema amenisamehe, ila msamaha wake haupeleki mahari. Ijumaa hii baada ya Alasiri mjomba wake anarudi Jang'ombe kuzungumza na wazee, na wamenitaka niwemo niseme kwa mdomo wangu kuwa video ile ilikuwa ya upuuzi na mwenye upuuzi ni mimi. Kanzu nshaipiga pasi. Mama mzaa binti nasikia ni mkali kuliko baba.